Kwa nini chumba cha wagonjwa hujaa siku ya fizikia?

#1 Kalamu Nyekundu (Arua)

Salaam wanajukwaa. Ninafundisha fizikia na hisabati, kwa hiyo haya hayatoki kwa mtu anayeichukia sayansi. Dai langu ni kwamba sayansi katika shule zetu za sekondari hapa Uganda inatumika zaidi kuwapanga watoto katika madaraja kuliko kuwaelimisha, na gharama yake hulipwa na afya zao. Tangu 2006 kila mwanafunzi wa S1 hadi S4, yaani miaka minne ya kwanza ya sekondari, analazimika kusoma fizikia, kemia na biolojia pamoja na hisabati, atake asitake, shule yake iwe na maabara au isiwe nayo. UNEB, baraza la taifa la mitihani, inapotangaza matokeo, masomo yaliyofanywa vibaya huwa ni yale yale, fizikia na kemia zikiwa mbele, na lawama huangushiwa mtoto kwamba ni mvivu au mwalimu kwamba hajui kazi yake. Hakuna anayeuliza mtoto huyo aliishije miaka minne akiambiwa kila muhula kwamba hafai. Siku yenye vipindi viwili mfululizo vya fizikia, chumba cha wagonjwa hujaa, na hilo nimeliona katika zaidi ya shule moja. Ninaomba mnieleze chanzo ni nini: somo lenyewe, mwalimu, mtihani, lugha, au jambo jingine ambalo mimi silioni kwa kuwa nimo ndani yake?

#2 Muuguzi wa Zamu (Masaka)

Mwalimu, nimehudumu katika shule ya bweni na ugonjwa huo ninaujua. Wanafunzi wanauita vidonda vya tumbo, na ukiwasikiliza, utadhani hakuna bweni lisilo na wagonjwa wake. Wengi hawana kidonda chochote, lakini maumivu wanayo kweli: huanza wiki ya mtihani wa majaribio na kupoa likizo ikifika. Mtu mwenye hofu ya muda mrefu huvurugikiwa na mmeng'enyo wa chakula, usingizi wake hukatika, na aliyekosa usingizi huhisi maumivu kwa ukali zaidi kuliko aliyelala. Sisi tunawapa dawa ya kupunguza asidi, wanarudi darasani, na wiki inayofuata ninawaona tena mlangoni.

Hata hivyo nisingeharakisha kuitia fizikia hatiani. Wiki za mitihani ndizo pia wiki ambazo watoto huruka chakula ili wapate nafasi ya kusoma, na maharagwe ya shule nyingi yana wadudu kiasi kwamba mtoto huona heri alale njaa. Anayeingia kipindi cha saa nane mchana akiwa hajala tangu uji wa asubuhi ataumwa tumbo hata akifundishwa kuimba.

#3 HEG Daima (Mbale)

Kwa hiyo Newton na wadudu wa maharagwe wameshtakiwa katika kesi moja. Mimi nilisoma historia, uchumi na jiografia, nikala maharagwe yale yale, na tumbo langu ni zima. Ninauwasilisha ushahidi huo mbele ya baraza.

#4 Mzee wa Ubao (Jinja)

Nilifundisha kemia kabla ya sera hiyo na baada yake, na ninaomba vijana wasiisahau hali iliyokuwapo. Kabla ya 2006 mwanafunzi aliweza kuiacha fizikia au kemia, na waliokuwa wakiziacha hawakuwa wakichagua kwa uhuru. Walikuwa wasichana walioambiwa kwamba masomo hayo ni ya wavulana, na watoto wa vijijini ambao shule zao hazikuwa na mwalimu wa kuwafundisha. Shule kongwe zenye maabara ziliendelea kuwatoa madaktari na wahandisi, na nyingine ziliendelea kuwatoa watu wa kuwapigia makofi. Kulazimisha kulikuwa njia mojawapo ya kumwambia mkuu wa shule kwamba hana ruhusa tena ya kuamua ni nani mwenye akili ya sayansi. Mwaka 2005 ulianza pia mpango wa SESEMAT, kwa msaada wa Japani kupitia shirika lake JICA, wa kuwanoa walimu wa sayansi na hisabati kazini ili wafundishe kwa vitendo. Nia haikuwa mbaya. Kosa ninaloliona ni kwamba serikali iliwalazimisha watoto siku moja, lakini haikuwalazimisha wajenzi wa maabara siku hiyo hiyo, na mwaka uliofuata, 2007, elimu ya sekondari kwa wote ikaanza na madarasa yakafurika.

#5 Pipeti (Kampala)

Mzee wa Ubao amegusa penyewe. Mimi sasa ni fundi wa maabara, na nilisomea shule ya kata ambako bureti, ule mrija wa maabara wa kupimia kimiminika, niliishika mara ya kwanza nikiwa S4, muhula wa mwisho. Kemikali hununuliwa kwa ajili ya darasa la watahiniwa tu, kwa sababu ni wao watakaofanya mtihani wa vitendo wa UNEB. Kwa hiyo mtoto husoma miaka mitatu juu ya rangi ambazo hajawahi kuziona, akikariri kwamba mashapo haya ni ya buluu na yale ni ya kahawia, kisha katika wiki chache anatakiwa awe na mkono mtulivu wa kufungua bomba la bureti tone kwa tone, huku msimamizi akimtazama na saa ikienda. Nilitetemeka hadi nikapitisha kipimo, nikaandika jibu la jirani yangu. Hofu ile haikutokana na kemia, maana sikuwa nimewahi kukutana nayo. Ilitokana na kupimwa ustadi ambao shule haikunipa nafasi ya kuupata.

Ndiyo maana siafiki dai la #1 juu ya sayansi katika shule zetu. Kwa watoto wengi bado hatujaifundisha, tunawasimulia habari zake tu.

#6 Hajati wa Bombo (Bombo)

Asanteni kwa uzi huu. Ninasema kama mzazi, na ninajua sitapendwa. Sisi wazazi tumo. Mtoto akiwa darasa la saba tunataka alama 4 za PLE, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi ambao 4 ndiyo alama bora kabisa, na kabla matokeo hayajatoka tumekwishamwita daktari mbele ya wageni. Magazeti yanachapisha picha za waliofaulu zaidi, shule zinatundika mabango barabarani yenye sura za watoto na alama zao, na anayepata wastani hana bango. Katika ukoo wetu kijana mmoja alilazimishwa kuchukua PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia, kwa sababu baba yake alikosa udaktari ujanani. Alifeli, akakaa nyumbani akijificha watu, na sasa anafanya kazi ya uchoraji wa matangazo anayoipenda. Miaka aliyoipoteza hakuna aliyemlipa. Walimu hawakumlazimisha, UNEB haikumlazimisha. Ni sisi.

#7 HEG Daima (Mbale)

Hajati, kwenye mabango hayo nimewahi kuona sura ya mtoto mmoja ikitumiwa na shule mbili zinazoshindana. Huyo kwa kweli alistahili mshahara.

#8 Mto Semliki (Bundibugyo)

Ninashangaa tumefika hapa bila kuizungumzia lugha kwa uzito wake. Tangu 2007 mtaala wa madarasa ya chini ya msingi unataka mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake mpaka darasa la tatu, la nne liwe la mpito, na baada ya hapo kila kitu ni Kiingereza. Shuleni kwetu hilo humaanisha kwamba akifika S1 anakutana na sayansi katika lugha ambayo amekuwa akiisikia darasani tu, kwa mwalimu ambaye naye aliikariri. Nimewahi kuwauliza wanafunzi wangu wanieleze kwa Lubwisi kwa nini nguo zinakauka haraka zaidi siku yenye upepo, wakabishana kwa ufasaha mpaka kengele ikalia. Niliporudia swali hilo kwa Kiingereza, darasa lote liliangalia madawati. Elimu walikuwa nayo, ila hawakuwa na kibali cha kuitoa.

Mtoto anayenyamaza hivyo miaka minne huanza kujiona mjinga, na kujiona mjinga ni maradhi. Muuguzi hawezi kuyatibu kwa dawa ya asidi.

#9 Sheria Ndogo (Kampala)

Hoja ya lugha ninaiheshimu, ila ina tatizo. Historia nayo inafundishwa kwa Kiingereza, dini kwa Kiingereza, jiografia kwa Kiingereza. Iwapo lugha ndiyo chanzo, mbona chumba cha wagonjwa hakijai siku ya historia?

#10 Mto Semliki (Bundibugyo)

Ndugu Sheria, katika historia mtoto akikosa neno huzunguka kwa maneno mengine na mwalimu akampa nusu ya alama. Katika kemia neno likikosekana, swali zima limekwenda. Zaidi ya hayo, habari za wafalme na vita amezisikia kwa babu yake kwa lugha yake kabla hajaja shuleni. Habari za elektroni hajazisikia kwa mtu yeyote.

#11 Chumvi ya Katwe (Kasese)

Babu zetu wa huku wanazijua habari za kemia kuliko mnavyodhani. Mimi ni mzaliwa wa Katwe, pale kwenye ziwa la chumvi. Watoto wa kwetu wanakua wakiona maji yakiingizwa katika vijaruba vya udongo, jua likiyakausha, chumvi ikijitenga kwa tabaka, ile ya kula ikivunwa kwa namna yake na ile ya mifugo kwa namna nyingine. Mama zao wanajua kwa kutazama tu kama maji yamekolea au bado, na wanajua kwamba mvua ya siku moja huharibu kazi ya wiki nyingi. Watoto hao wakiingia darasani wanaulizwa juu ya ufanyikaji wa fuwele, wanakosa, na mwalimu aliyetoka mbali anaandika kwamba ni wazito. Kwetu hapo hapo kuna mabaki ya kiwanda cha chumvi kilichoshindwa kazi kwa sababu chumvi iliyala mabomba yake. Ni somo gani la ulikaji wa metali litakalolishinda hilo? Lakini sijasikia darasa lililopelekwa pale na daftari.

Kuna na jambo la pili, ambalo huwa halimo katika hotuba za kuwahimiza watoto wapende sayansi. Wachimbaji wa chumvi husimama ndani ya maji hayo makali saa nyingi, ngozi zao zinachubuka, na wanawake wanalalamika juu ya madhara ya sehemu za siri. Iwapo biolojia na kemia zina kazi, basi kazi yake ingekuwa kumwezesha mtoto aulize kwa nini mama yake anaumia na kipi kingeweza kumkinga. Mtoto akiona kwamba somo linamhusu, sidhani kama angelikimbilia chumba cha wagonjwa.

#12 Kalamu Nyekundu (Arua)

#11 amenipa cha kufikiria, ingawa ninaogopa kidogo. Nikimpeleka mtoto ziwani au kwa fundi wa pikipiki, muhtasari wa masomo haunisubiri, na mkuu wa shule ataniuliza nimemaliza mada ngapi.

#13 Sheria Ndogo (Kampala)

Acheni niongeze sababu nyingine ambayo walimu wenyewe wanaionea haya. Tangu Julai 2022 mwalimu wa sayansi mwenye shahada katika shule ya serikali hulipwa shilingi milioni 4 kwa mwezi, na mwenzake wa sanaa aliyesoma miaka ile ile hupata milioni moja hivi. Walimu wa sanaa waligoma Juni 2022, wakagoma tena 2025. Upande wa wanafunzi ni huo huo: kati ya nafasi za udhamini wa serikali katika vyuo vikuu vya umma, ambazo ni 4,000 hivi kwa mwaka, sehemu kubwa imetengewa kozi za sayansi, na mikopo ya elimu ya juu iliyoanza 2014 nayo huelekezwa zaidi huko. Kwa hiyo mtoto anayeshindwa fizikia hasomi tu kwamba ameshindwa somo. Anasoma kwamba nchi imekwishapanga bei ya watu na yeye yuko kwenye rafu ya chini. Hofu ya mtoto huyo haina ujinga ndani yake, ni hesabu sahihi.

#14 Mzee wa Ubao (Jinja)

Ninayakubali maelezo hayo, lakini usijumlishe. Mshahara huo unawahusu walimu walio kwenye orodha ya serikali, na nchi hii ina shule za binafsi nyingi mno ambamo mwalimu wa kemia hulipwa atakachopewa, tena kwa kuchelewa. Mwalimu huyo hufundisha shule mbili au tatu kwa wiki, akikimbia na bodaboda kutoka moja hadi nyingine, na anapofika hana nguvu ya kumsikiliza mtoto mwenye swali. Ningeuhesabu uchovu wake kabla ya mshahara wa jirani yake.

#15 HEG Daima (Mbale)

Ninaomba kukumbusha kwa heshima zote kwamba Rais wetu, ambaye huipigania sayansi kuliko yeyote, alisoma uchumi na siasa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Sisi watu wa rafu ya chini tunajifariji kwa hilo.

#16 Mwanafunzi wa PCM (Gulu)

Shikamooni wazee. Niko S6, ni msichana, na ninasoma fizikia, kemia na hisabati kwa hiari yangu. Ninaona mnatuzungumzia kana kwamba sote tunaugua. Fizikia ninaipenda. Yanayonichosha ni mengine. Tunaamshwa saa kumi alfajiri kwa prepu, yaani muda wa kujisomea, tunasoma mchana kutwa, na prepu ya usiku huisha saa nne au tano. Ukisinzia darasani unasimamishwa. Mwalimu wa biolojia alitufundisha kwamba ubongo huhifadhi yale uliyojifunza wakati umelala, na siku hiyo hiyo alimwadhibu aliyelala. Wavulana nao wanatutania kwamba tutaingia chuo kwa alama 1.5 za huruma wanazopewa wasichana wa sayansi. Ningependa mtu mmoja atuulize sisi.

#17 Sheria Ndogo (Kampala)

Binti, wakikutania tena waambie hivi: alama hizo 1.5 zilianza 1990 na ziliwekwa kwa ajili ya wasichana wanaoomba nafasi katika vyuo vya umma, wa sanaa na wa sayansi, kwa sababu idadi yao Makerere ilikuwa ndogo mno. Hazikuanzishwa kama fungu la huruma kwa fizikia.

#18 Muuguzi wa Zamu (Masaka)

Mwanafunzi wa PCM amenirahisishia kazi, na sasa ninaielekea sababu moja kuliko nilivyokuwa katika #2. Kijana wa umri wake anahitaji usingizi wa saa nane hadi kumi. Ukijumlisha ratiba aliyoieleza, unapata saa sita au pungufu, tena bila kuhesabu muda wa kupanga foleni ya maji. Hapo huhitaji falsafa yoyote ya elimu. Mtoto asiyelala husahau, akisahau hufeli, akifeli huongezewa prepu. Somo linaloathirika kwanza ni lile linalodai umakini wa hatua kwa hatua, na hilo ndilo hisabati na fizikia. Zaidi ya hayo tusisahau kwamba kizazi hiki kilikaa nyumbani shule zilipofungwa kwa ajili ya korona kwa miaka miwili kamili, na waliporudi mtaala uliwangojea kana kwamba walikuwa wamekwenda sokoni.

#19 Ziwa Kioga (Soroti)

Haikuwa miaka miwili kamili kwa wote. Shule zilifungwa Machi 2020, watahiniwa wakarudi Oktoba mwaka huo, madarasa mengine yakaitwa kwa awamu 2021, zikafungwa tena Juni 2021, na zikafunguliwa kwa wote tarehe 10 Januari 2022. Kwa baadhi ya madarasa ilikaribia miaka miwili, na wasichana wengi hawakurudi kabisa kwa sababu walikuwa wameshakuwa mama.

Hapo ndipo ninapouliza juu ya biolojia. Mada ya uzazi imo katika muhtasari, watoto huchora mchoro wake vizuri na kuuwekea majina, na UNEB huwapa alama zao. Msichana yule yule akiwa na swali juu ya mwili wake mwenyewe, mwalimu hutazama dirishani.

#20 Mzee wa Ubao (Jinja)

Kwa kuwa tumefika kwenye maswali yanayoogopwa, nimemkumbuka Erasto Mpemba wa Tanzania. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi kule Iringa, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Kwa kuogopa kukosa nafasi katika friza, aliyaweka maziwa yake yakiwa bado ya moto, nayo yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipomuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa, na aliposhikilia akaambiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya watu wote. Darasa likaidaka kauli hiyo, na kila alipokosea hesabu wakamwambia hiyo ni hisabati ya Mpemba. Baadaye alimuuliza swali lile lile Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, ambaye badala ya kucheka alikwenda kulijaribu, na 1969 wakachapisha makala pamoja. Nimewafundisha wengi wanaosomea ualimu, na ninaamini kwamba dhihaka ya mwalimu mbele ya darasa inaua sayansi kuliko ukosefu wa bureti. Samahani, Pipeti.

#21 Ziwa Kioga (Soroti)

Mzee wangu, tukio la aiskrimu lilikuwa Magamba, kule Lushoto. Iringa ni baadaye, alipokuwa Mkwawa, na ndiko Osborne alikokwenda kuzungumza na wanafunzi. Jambo linalonivutia zaidi katika kisa hicho ni kwamba wanasayansi hawajakubaliana mpaka leo: 2016 watafiti wa Uingereza walipima kwa uangalifu wakasema hawakuona ushahidi wa kutosha wa hali hiyo, na wengine bado wanaitetea. Wataalamu wanabishana zaidi ya miaka 50, na mwalimu yule alilimaliza kwa sentensi moja. Kijana angeweza kuwa amekosea na bado alistahili kusikilizwa.

#22 Hajati wa Bombo (Bombo)

Kwetu dhihaka ingekuwa nafuu. Mwanangu alichapwa kwa kupata alama chini ya kiwango katika jaribio la hisabati, kiboko kimoja kwa kila alama iliyopungua. Nilipokwenda kuuliza, nikaambiwa kwamba ndivyo shule inavyopata matokeo. Sheria ya Watoto ilirekebishwa 2016 na adhabu ya viboko shuleni imepigwa marufuku humo, na hata kabla ya hapo wizara ilikuwa imekwishaikataza kwa waraka wa 2006. Shule hiyo ina bango kubwa barabarani.

#23 Pipeti (Kampala)

Pole sana, Hajati. Mzee, nimekubali kuwekwa nafasi ya pili baada ya dhihaka, ila baada ya kiboko nafasi yangu ni ya tatu.

#24 Mto Semliki (Bundibugyo)

Kuna kitu ambacho kisa cha Mpemba kinatufundisha na hakijasemwa: watoto wetu wanafundishwa kwamba sayansi hutokea kwingine. Virusi vya Zika vilipata jina kutokana na msitu ulio karibu na Entebbe, ambako viligunduliwa kwa mgonjwa 1947. Hospitali ya Mulago, Kampala, ndiko daktari Denis Burkitt alikoielezea saratani ya taya za watoto, makala yake ikitoka 1958, kisha akaendesha gari nchi nyingi za Afrika akiuliza hospitali baada ya hospitali inaonekana wapi na haionekani wapi. Mwanafunzi wa Entebbe anamaliza S4 bila kulisikia hilo, kisha tunashangaa anapodhani kwamba yeye ni mgeni katika chumba cha sayansi.

#25 Ziwa Kioga (Soroti)

Hakuwa mgonjwa, alikuwa kima aina ya rhesus aliyewekwa msituni na watafiti wa homa ya manjano. Na niulize: hadithi hizo mbili zina Wazungu katikati. Waliopanda miti kukamata mbu, waliomtafsiria Burkitt wodini, na mama waliowaleta watoto wao kutoka mbali hawamo. Ukimpa mtoto wa Entebbe hadithi hiyo bila watu hao, je, umemkaribisha au umemwonyesha tena mlango wa nyuma?

#26 Kalamu Nyekundu (Arua)

Ninashukuru kwa yote. Sijashawishika kwamba usingizi peke yake unatosha, maana ninafundisha pia watoto wa kutwa wanaolala nyumbani na hofu wanayo. Wala sijashawishika kwamba ni lugha peke yake. Ninataka kusikia juu ya mtaala mpya wa NCDC, kituo cha taifa cha kuandaa mitaala, ulioanza 2020, kwa sababu wenye kuutetea wanasema umekuja kuyatibu haya yote: wanafunzi wa kwanza walifanya UCE yake, mtihani wa mwisho wa S4, 2024, hakuna tena daraja la kwanza hadi la nne, na kazi za muhula pamoja na miradi zinabeba asilimia 20 ya alama ya mwisho.

#27 Muuguzi wa Zamu (Masaka)

Ninauona unafuu kidogo. Wasiwasi uliokuwa ukija mara moja kwa mwaka sasa unakuja kwa vipande vidogo kila muhula. Sijaamua kama hiyo ni nafuu au ni awamu.

#28 HEG Daima (Mbale)

Hebu tuulize pia asilimia hiyo 20 inatoka wapi katika shule yenye wanafunzi 120 darasani. Rafiki yangu anayefundisha huko amenieleza kwamba ratiba ya kupeleka alama ikifika, walimu hukaa usiku mmoja na kalamu nyingi. Wanafunzi wake wote wamefanya miradi mizuri sana, na hakuna aliyewahi kuiona.

#29 Chumvi ya Katwe (Kasese)

Hilo lipo, lakini lipo na lingine. Shule moja huku iliutumia mradi vizuri: watoto walipima chumvi ya vijaruba mbalimbali, wakawahoji wachimbaji, wakaandika walichokiona. Mwalimu aliniambia kwamba aliyekuwa wa mwisho katika majaribio ya kemia ndiye aliyewaongoza wenzake ziwani, kwa sababu kijaruba kimoja ni cha bibi yake. Mwalimu Kalamu, ulisema muhtasari haukusubiri, na mtaala huu mpya sasa unakuruhusu. Kwa nini usianze?

#30 Kalamu Nyekundu (Arua)

Ningeanza kesho. Vifaa vya mradi ananunua nani?

#31 Hajati wa Bombo (Bombo)

Ninanunua mimi. Muhula uliopita iliagizwa kwamba kila mtoto alete taa ya sola aliyoiunda mwenyewe. Nikanunua paneli ndogo, waya, gundi na rangi, na mtoto wangu akahangaika nayo jikoni mpaka ikawaka, hafifu lakini ikawaka. Siku ya kuikabidhi alikuta wenzake wameleta taa zilizounganishwa tayari, maana maduka ya vifaa vya shule mjini yanaziuza zikiwa zimeshapakwa rangi, na baadhi zina bei kubwa kuliko karo ya wiki. Alama zao zilikuwa juu kuliko yake. Ninauliza walimu mliomo humu: mnapoziona zote zinafanana, mnauliza nani aliziunda?